Njia ya Kwenda Kwao Monika

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi katika shule za Mbulu, na wanafunzi wangu wa zamani wakikutana nami mnadani bado wananitania kwa tabia moja. Mtoto akisema "kule", nilimrudisha asimame. Kule wapi? Taja jina. Mlima una jina, mto una jina, hata korongo linalokauka mwezi wa sita lina jina. Mahali usipoweza kupataja, niliwaambia, bado hujapajua. Nilikuwa mkali kwa jambo hilo, na nilijiona nina haki kabisa.

Mke wangu Monika ana mwaka mmoja kaburini. Alizaliwa kwa wafugaji wa Kidatoga katika mbuga za Hanang, akaolewa kwetu Tumati kwa Wairaqw, watu wa jembe, mahari ikipelekwa na wazee bila mimi kufika kwao, akabatizwa, tukaishi pamoja miaka thelathini na minne. Katika miaka hiyo yote alikwenda kwao mara mbili tu, kumzika baba yake na kumzika mama yake. Mara zote mbili alifuatwa na kaka yake, nami nilibaki, mara ya kwanza kwa sababu ya mitihani, mara ya pili kwa sababu ya homa. Hakuwahi kuniomba aende tena, na mimi niliona ni heri, kwa sababu mwanamke asiyelilia kwao ameridhika na kwake.

Baada ya misa ya kumkumbuka, nyumba ilipokuwa imetulia, swali likaniingia na likakataa kutoka. Je, alikuwa ameridhika kweli, au alikuwa anavumilia tu? Nilitaka kujua kama mke wangu aliishi kwangu kwa kupenda. Wanangu wasingeweza kunijibu, na padri angenifariji tu. Aliyebaki ni mdogo wake Monika, Udameda, ambaye nilimwona mara moja tu, siku ya kumzika Monika. Nikampigia simu.

"Njoo, shemeji," alisema. "Shuka Basotu, halafu ulizia njia ya mapango. Sisi tuko chini ya mapango. Na mimi nina neno la kukuuliza."

Hakusema neno gani. Nikakaa na hilo siku tatu, halafu nikapanga begi.

Jumatatu alfajiri niliondoka Tumati na baridi ya mwezi wa nane, ile inayowafanya ng'ombe wasimame zizini hawataki kutoka. Paskalina, mke wa mwanangu wa mwisho, alikuwa ameshakamua na ameshachemsha chai. Akanifungia viazi vya moto kwenye kitambaa. "Uwasalimie huko, baba," akasema, akarudi kwa ndama wake.

Kutoka Tumati hadi Dongobesh sikuona kitu kwa ukungu. Kutoka Dongobesh hadi Haydom jua likatoka, na abiria wakaanza kuvua makoti mmoja mmoja. Njia ile najua kila kilima kwa jina, na nilijikuta nikivitaja kimoyomoyo kama mzee anayesali rozari. Monika alikuwa akinicheka kwa hilo. Tulikuwa tukisafiri pamoja kwenda Mbulu mjini au Daudi kwenye harusi, na mimi nikianza tu kutaja vilima, ananiambia, "Mwalimu, vimekusikia, sasa viache vipumzike." Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu swaumu, mtu mzuri tu, lakini nilimkasirikia njia nzima kwa sababu hakuwa Monika.

Saa tano nilikuwa Haydom. Hapo nikapata lori lililokuwa likipeleka mbolea Basotu, na dereva akanipa nafasi mbele. Alikuwa kijana mwenye heshima, akaniamkia shikamoo na kuzima muziki bila kuombwa.

"Mzee unakwenda kununua ng'ombe?"

"Nakwenda kwa wakwe zangu."

"Umri huo bado unakwenda kwa wakwe? Wamekudai nini?"

Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.

Nchi ikashuka na kufunguka. Kwetu ukisimama unaona shamba la jirani na kilima kimoja. Huku unaona mpaka macho yanachoka. Ngano ilikuwa imevunwa, yamebaki mabua ya njano, na wafugaji walikuwa wamewaingiza ng'ombe kula mabaki. Mlima Hanang ulisimama peke yake kando, kilele kimefunikwa na wingu. Niliwaza msichana wa miaka ishirini aliyetolewa katika uwazi ule, akapandishwa kwetu kwenye ukungu na migomba ya kuhesabu, akaambiwa hapa ndipo kwako. Siku zile sikuwaza hivyo. Siku zile niliwaza kwamba nimeoa mwanamke mzuri, basi.

Basotu sikukaa. Nilikunywa soda, nikatafuta pikipiki, nikamwambia mwenye pikipiki anipeleke mapangoni. Tukaacha ziwa nyuma, tukaelekea upande wa machweo kwa muda wa saa nzima, vumbi likiwa jekundu, baadaye la kijivu, mwishowe jeupe kama unga wa sembe. Miti ikapungua, ikabaki migunga na vichaka vya miiba, na mbele yetu ukatokea ukuta wa mawe meupe, mrefu kuliko nilivyotazamia, umejaa matundu.

Saa tisa mchana nilifika kwenye kibanda cha ulinzi. Pana kibao kinachosema hii ni hifadhi, usiguse mawe, usiwashe moto, usiingize mifugo. Askari wa zamu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Anjela, mzaliwa wa hapohapo. Aliniamkia, akanipa kofia ngumu na tochi, akaniwekea daftari la wageni niandike. Nikaandika jina langu kamili kwa mwandiko wa ubaoni: Yosefu Gwandu, Tumati.

Akasoma, akatabasamu. "Baba, kumbe umekuja kwako."

"Kwa vipi?"

"Pango hili kubwa ndilo Gwandu. Kibao hakikuandika, lakini huku kila mtu anaita hivyo. Na makazi yote ya hapa chini ni Gwandu. Wanasema ni jina la mfugaji wa zamani aliyeligundua akimtafuta ng'ombe."

Gwandu ni jina la kawaida kwetu, Wairaqw na Wadatoga wote wanalo. Ni jina la baba yangu. Nilifurahi kama mtoto aliyeona jina lake gazetini. Nilimwambia Anjela kwamba baba yangu angelijua hili angedai kiingilio, naye akacheka.

Tuliingia kwa mlango mpana kama wa ghala, halafu tukainama, halafu kwa kipande kidogo tukatambaa. Anjela alitangulia akiniambia wapi pa kuweka mkono na wapi pa kutoweka. Jiwe la chokaa ni laini, alisema, maji yanalila polepole, ndiyo maana likawa na vyumba ndani. Hilo nililifundisha mwenyewe kwa michoro miaka mingi, lakini mchoro hauna ubaridi unaokushika shingoni wala harufu ya popo. Juu kulikuwa na mawe yaliyoning'inia kama chuchu za ng'ombe, kila moja na tone lake kwenye ncha. Tulisimama tukangoja tone moja lianguke. Lilikawia mpaka nikasahau nilichokuwa nangoja.

Katika chumba cha pili Anjela aliniambia nimulike ukutani, chini, usawa wa kiuno. Jiwe lilikuwa limeingia ndani, laini, linang'aa, mabonde mabonde kutoka pembe hadi pembe.

"Ni ulimi," alisema. "Ng'ombe. Ukuta huu una chumvi. Kabla ya hifadhi, kiangazi walikuwa wanaletwa hapa kulamba, ndama hasa, na wasichana ndio waliowaleta, kwa sababu wasichana wanapita kwenye uwazi mwembamba. Mama yangu alilala humu na ndama wiki nzima."

"Na sasa?"

"Sasa ng'ombe hawaingii. Udongo wa chumvi unachimbwa nje, upande wa pili. Wazee walinung'unika, lakini popo wamerudi, na mawe hayavunjwi tena."

Nilimwomba asogee kidogo aniache. Kibao kilisema nisiguse, na mimi mwalimu ninaheshimu kibao, kwa hiyo nilisimama na mikono nyuma. Monika alisimama hapa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba utoto wake wote ulikuwa ndama, lakini sikuwahi kujua ndama walilala wapi. Nilimwona msichana mwembamba ameegemea ukuta, anasubiri wanyama watosheke, miguu yake imejaa unga mweupe. Nilimtamani vibaya sana. Sikumtamani yule msichana, nilimtamani yule mama wa miaka hamsini na nne aliyekuwa akilalamika magoti, awe hapa anionyeshe mwenyewe, aseme hapa nilikaa, hapa niliogopa popo.

Kabla jua halijazama nilishuka kwa Udameda. Boma lake ni la miiba, nyumba mbili za udongo, na ng'ombe walikuwa wanaingia. Ni mwanamke mrefu, mkimya, na taya lake ni la Monika kabisa, ikanibidi nitazame pembeni. Alinipa kigoda na maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Tukasalimiana kwa kirefu: watoto, mvua, mifugo, watoto tena.

Mimi bado nilikuwa na furaha yangu. Nikasema, "Shemeji, hamkuniambia. Pango lenu lina jina la baba yangu."

Hakucheka. Alikaa chini, akaweka kibuyu kati ya miguu.

"Ndiyo umejua leo?"

"Leo, kwenye daftari la askari."

Alikifunika kile kibuyu. Halafu akasema, "Basi neno langu ni hili. Dada alikuwa anatuma salamu. Kila mtu akishuka mnadani kutoka huko juu kwenu, alikuja na salamu: mwambieni mama, nikipewa njia nitakuja. Miaka yote. Mama alikuwa anamwekea maziwa ya kwanza kila ng'ombe akizaa, anasema labda ni mwezi huu. Mama amekufa anajua umemnyima mtoto wake njia. Mimi pia najua hivyo. Nataka uniambie wewe mwenyewe. Kwa nini ulimnyima?"

Nilisema sikumnyima. Nilisema kwa sauti ambayo si ya ukweni, na wanawe wakageuka zizini kututazama. Nikashusha sauti. "Nilimwuliza, Udameda. Nilimwuliza unataka kwenda wapi, nikupeleke."

"Akasemaje?"

"Akasema kule. Nikamwambia ataje jina."

"Ataje?"

"Ataje mahali. Ili nijue."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kigoda cha marehemu bila kujua. "Shemeji, kwetu mke hataji jina la baba wa mume wake. Halitaji kwa mtu, halitaji kwa ng'ombe, halitaji kwa mahali. Hata akisali. Sisi wengine tunasema Gwandu siku nzima. Yeye tangu siku uliyomchukua, kinywa chake kilifungwa kwa neno hilo."

"Lakini angeweza kusema 'pangoni'. Angeweza kusema 'nyumbani kwa wazazi wangu'."

"Hakusema?"

Alikuwa amesema. "Kwetu, kwenye mawe," ndivyo alivyonijibu. Nilikumbuka vizuri.

Na mengine yakaja bila kuitwa. Mjukuu wetu wa kwanza tulimpa jina la baba, na Monika hakumwita hivyo hata siku moja, alimwita Mzee, nasi wote tukaona ni utani wa bibi. Padri akisoma majina ya marehemu, akifika kwa baba, watu wanaitikia, na Monika anainama kufunga kiatu. Nilijua kwamba wanawake wa kwao wanaheshimu jina la mkwe. Nilijua kama ninavyojua mambo ya kitabuni. Sikujua kwamba heshima hiyo inafika mpaka kwenye mawe, na kwamba inaweza kumfungia mtu njia ya kwao.

"Baba amekufa siku nyingi," nilisema. "Na Monika alikuwa mtu wa kanisa. Wengi wa kwenu wameacha mambo hayo."

"Wameacha, ndiyo. Nilimwambia siku ya kumzika mama, nikamwambia wewe umebatizwa, taja tu, mumeo akuelewe. Alikataa. Akasema yule mzee alimpokea vizuri. Siku alipofika kwenu hajui kushika jembe, watu wanamcheka, mzee alimpa mtamba wake mwenyewe, akamwambia wewe chunga, jembe litakuja. Akasema nyumba ile ameipenda tangu siku hiyo, hawezi kuivunjia heshima hata kama mwenyewe hayupo."

Basi nilikuwa nimepata jibu nililolifuata kutoka Tumati. Aliishi kwangu kwa kupenda. Niliomba ruhusa nikatoka nje ya boma, nikalia kama sikulia siku ya kuzika.

Jumanne asubuhi Udameda alinisindikiza hadi barabarani. Alichuma majani mabichi pembeni ya kisima, akanipa mkononi, ambavyo kwao na kwetu ni ishara moja: yameisha, twende kwa amani. Aliniambia sasa njia naijua, nisingoje mtu mwingine afe. Nikamwahidi kurudi na wajukuu.

Saa nne nilikuwa Basotu, na lori la kurudi Haydom lilikuwa halijajaa. Nikatembea hadi ziwani, na hapa lazima niseme jambo ambalo kwa miaka nimelisimulia kwa majivuno.

Mwaka niliostaafu nilimwambia Monika achague mahali popote katika nchi hii, nitampeleka kutembea. Alikuwa anapepeta maharage. Akasema anataka kule kwao, kwenye mawe. Nikamwambia Hanang yote ni mawe, taja jina. Akaendelea kupepeta. Nikarudia kama nilivyozoea darasani, na nakumbuka nilinyoosha kidole: taja jina tutakwenda. Mwishowe akasema, "Popote utakapoona wewe." Mimi nikaona Basotu. Si ndiyo Hanang? Tukaja. Alivaa gauni lake la Pasaka. Tulikula samaki wa kukaanga, nikamweleza jinsi ziwa hili lilivyofanyika kwa mlipuko wa ardhi, nikamwonyesha viboko. Alisikiliza vizuri, lakini muda wote alikaa ameyapa maji mgongo. Nilimwambia, mama watoto, umekuja kutazama vumbi? Akageuka. Akasema viboko ni wanene. Jioni tukapanda gari kurudi.

Nilisimama pale nikayapa maji mgongo kama alivyokuwa ameyapa yeye. Upande wa machweo, mbali, juu ya mabua ya ngano, ule ukuta mweupe unaonekana. Saa moja kwa pikipiki. Alikuwa na mama mzima kule, anamwekea maziwa, na mimi namhesabia viboko.

Dereva alipiga honi, nikapanda. Njia ya kurudi sikutaja kilima hata kimoja.

Jioni nilifika Tumati. Paskalina alinipokea begi, akanipa maji ya kunawa, akaniletea ugali na mboga. Nilimwuliza nyumbani kwao Daudi wanaendeleaje. Akasema wazima, ila mama yake mguu unamsumbua tangu kabla ya Krismasi.

"Umekwenda kumwona?"

"Bado, baba."

"Kwa nini husemi?"

Alitazama chini. Kutoka Tumati hadi Daudi si safari kubwa, mtu anakwenda na kurudi kwa pikipiki siku hiyohiyo. "Mifugo ni mingi," alisema. "Nani angekamua?"

"Hujaniambia wala hujamwambia mumeo?"

"Mlikuwa hamjauliza."

Nikamwambia afungashe nguo za wiki mbili, mtoto aende naye, na nitakayekamua ni mimi. Alidhani ninamtania. Mwanangu naye alidhani safari imenichosha kichwa. Alhamisi asubuhi pikipiki ilikuja, Paskalina akapanda na mtoto mgongoni, na kabla ya kona ya kwanza nikasikia ameanza kuimba.

Nilirudi zizini nikakaa chini ya ng'ombe. Nilikamua vibaya, nusu ya maziwa ikaingia kwenye kiatu, na ng'ombe akanipiga mkia usoni mara mbili. Miaka thelathini na minne sikumpeleka Monika kwao, kana kwamba ni jambo kubwa. Lilikuwa jambo la siku moja.